Likichwa Amevaa Viatu

Somoe mwanangu,

Kumwandikia barua mtu ambaye sanduku lake liko hapa mbele yangu, na mwenyewe atarudi kabla jua halijazama, ni kichekesho. Najua. Umekwenda Mtawanya kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hamwachi mgeni aondoke na njaa, kwa hiyo nafasi ninayo. Nimetandika mkeka barazani, nimefukuza kuku, nimechukua kalamu yako ya wino bila kuomba. Ukirudi utaikuta barua juu ya sanduku. Isome peke yako. Mimi na wewe tukikaa ana kwa ana tunabishana, na leo sitaki kubishiwa.

Habari ya kupanga vitu sikuambii. Nguo umezipanga mwenyewe, umezipanga vibaya, lakini ni zako. Ya kula na kulala huko Morogoro utayajua ukifika. Nataka tuzungumze habari ya Likichwa, huyo mtu wako wa kuchora.

Na habari ya Likichwa haiwezi kusimuliwa bila mjomba wako Dadi, kaka yangu, ambaye najua ndiye aliyekukaba kooni siku zote hizi. Kwetu sisi mtoto ni wa mjomba. Mjomba ndiye anayesema nenda au kaa, na anayesafiri bila neno la mjomba wake hasafiri huyo, anatoroka. Tangu ilipofika ile barua ya kukuita ukachore kwenye gazeti la kisomo, Dadi hajasema ndiyo wala hapana. Ulikwenda kumpa habari, akasema amesikia. Ulikwenda mara ya pili na sukari, akasema ahsante kwa sukari. Juzi nilikuona unajifuta macho jikoni, ukasingizia moshi wa kuni mbichi. Mimi ndiye niliyeleta zile kuni, Somoe. Zilikuwa kavu.

Basi, leo asubuhi ulipoondoka niliifungua bahasha yako ya picha unazompelekea mhariri. Usinune. Bahasha haikuwa na gundi, na huyo Likichwa tumemlea pamoja, nina haki ya kumuaga. Nikazitoa za karibuni, nikazitoa na zile za zamani ulizozihifadhi, nikazitandaza hapa mkekani moja moja. Loo! Nilikaa nazo mpaka uji ukashika chini. Nimekuona unachora kila siku ya Mungu, lakini kitu unachokiona kila siku mwisho hukioni. Leo nimekiona. Nataka nikwambie nilichokiona, maana sijawahi kukwambia, na lori la ushirika kesho halitanisubiri nimalize.

Likichwa wa kwanza humkumbuki, ulikuwa mdogo mno. Mimi namkumbuka. Alikuwa kwenye ukuta wa jiko, kule kwetu kwa zamani kabla hatujahamia kijijini. Baba yako, Mungu amrehemu, aliukandika ule ukuta mbio mbio mvua isimkute, akaacha mawe mawili yamechomoza kwenye udongo, moja huku moja huku, yamelingana. Wengine wote tuliona mawe. Wewe uliona macho. Ukachukua mkaa jikoni kwangu, ukayazungushia kichwa kikubwa kuliko sufuria la pilau ya harusi, ukakitia meno, na mwili hukukitia kabisa. Chini ya kidevu ilikuwa miguu miwili, basi.

Nikakuuliza, "Nani huyu?"

"Likichwa."

"Mbona hana mwili?"

Ukaniangalia kwa huruma. "Yumo ndani, mama."

Nikacheka. Halafu nikaitazama ile miguu, na kicheko kikanikauka mdomoni.

Mguu wa kushoto ulikuwa na kidole cha pili kilichopanda juu ya gumba kikakaa pale, kimestarehe. Kidole hicho nakijua tangu nizaliwe. Ni cha kaka yangu, kazaliwa nacho. Na wewe ulikijua kuliko mimi, maana Dadi alikuwa anakubeba mabegani kutwa nzima, shambani, kisimani, msibani, na mtoto aliye mabegani kwa mtu akitazama chini haoni kingine ila miguu ya aliyembeba. Ndipo ulipojifunzia miguu. Hukuwa na mwalimu mwingine.

Sasa kilichonikausha ni hiki. Siku chache kabla ya hapo ilichezwa ngoma ya mapiko, vile vinyago vyetu, watoto wanatoka jandoni. Lipiko likatoka vichakani na kichwa chake kikubwa cha mti, macho yamelitoka, nguo imefunika mwili wote, linatetemesha mabega. Sisi wanawake tukakimbia na kupiga kelele kama tunavyotakiwa. Aliyemo ndani hatumjui. Bibi zetu hawakumjua, na mimi hata leo ukiniuliza mbele za watu simjui. Na wewe, mgongoni kwangu, wakati wenzako wote wameficha nyuso kwenye khanga za mama zao, ukatazama chini badala ya juu. Ukapaza sauti uwanja mzima ukasikia: "Mjomba!"

Nilikuziba mdomo kwa mkono ambao ulikuwa umetoka kumenya vitunguu. Wanawake waliokuwa karibu waliingiza nyuso kwenye khanga, na wallahi haikuwa kwa woga. Nikasema mtoto ana homa, anaweweseka. Haya, homa ikaeleweka. Lakini ukutani je? Pale ukutani lilikuwa lipiko zima na miguu ya Dadi chini yake, mtu yeyote anayekuja kuomba moto analiona. Wazee wakapata habari. Wakaona isiwe shida, atumwe mtu wa nyumbani aje aufute ukuta kimyakimya. Wakamtuma Dadi.

Kaka yangu akaja na ndoo ya udongo. Akasimama mbele ya ukuta. Alimtazama Likichwa usoni, akashuka, akashuka, akafika miguuni, akapiga magoti kutazama vizuri. Nikadhani atakasirika. Ndugu yangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye majivu. Kisha akachukua kuni zangu akaziegemeza ukutani, mbele ya ile miguu tu, akajipaka udongo kidogo mikononi, akarudi kuwaambia wazee kazi imekwisha. Kila alipokuja kututembelea baada ya hapo alikuwa anapitia jikoni, anasogeza kuni, anajitazama kidogo, anazirudisha.

Halafu tukahamishiwa kijijini. Mapaa tuliyafungua tukaja nayo, milango tukaja nayo, ukuta haubebeki. Wewe ulilia barabara nzima, watu wakadhani unalilia mbuzi. Tulipomaliza kujenga hapa, nilikuona unazunguka nyumba unapapasa kuta kwa viganja, ukuta baada ya ukuta, mpaka ukanitia hofu. Ulikuwa unatafuta mawe. Hakukuwa na jiwe. Safari hii tulikandikiwa na mtu anayejua kazi.

Ndipo kwa mara ya kwanza ilibidi umchoree Likichwa macho. Leo nimeyaona kwenye karatasi zako za mwanzo, nikatikisa kichwa. Ulichora mawe, mwanangu. Miaka mingi umechora mawe mawili, magumu, ya mviringo, yamechomoza, hayatazami kitu. Na kuku wako asiye na shingo naye alikuwa na mawe hayohayo. (Kuku huyo mpaka leo hana shingo. Wote wamekua, yeye kakataa. Nampenda kwa sababu hiyo.)

Macho yalianza kuwa macho ulipomaliza darasa la saba ukawa unakuja kunisaidia kisomo cha watu wazima. Mimi nilikuwa naandika neno ubaoni, wewe unachora kitu chake pembeni, jembe, kinu, mtumbwi. Watu wazima wakawa wanakuangalia wewe kuliko mimi, nikanuna kidogo, yakaisha. Lakini wewe ulikuwa unawaangalia wao. Uliona mtu mzima anavyotafuta herufi, anavyobana jicho moja, anavyotazama kwa jirani yake haraka halafu anajifanya hajatazama. Na kwenye karatasi zako za wakati ule, hizi hapa mkononi mwangu, Likichwa kabana jicho moja. Anatazama kitu nje ya karatasi. Nimegeuka nione anatazama nini, mimi mtu mzima na mvi zangu.

Sasa nifike pale pabaya, maana bila hapo mengine hayana maana.

Mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule alikuwa mtu wa mambo makubwa na sauti ndogo. Akakwambia, "Binti, tuchoree mvivu, tumbandike kwenye ubao wa matangazo pale kwenye ghala la korosho, ili wasiokwenda shamba la kijiji waone haya." Ukachora. Likichwa kalala chini ya mkorosho, kichwa kimevimba, mdomo wazi, inzi wanaingia na kutoka. Hukumchora mjomba wako. Hilo nalijua mimi na Mungu analijua. Ila miguu ulimpa ile unayoijua, maana kwako wewe mguu wa mtu ndivyo ulivyo, kidole kimoja kimepanda juu ya kingine.

Watu hawakuona hivyo. "Dadi huyo!" Ghala zima likaangua kicheko. Mtu ambaye asubuhi alikuwa wa kwanza shambani na jembe lake! Lakini kicheko kikishatoka kitamuuliza nani? Watoto wakawa wanamfuata njiani wanakoroma. Kkhrrr, kkhrrr, mpaka mlangoni kwake. Na Jumatatu yake akatokea amevaa raba nyeusi za turubai, sijui kazipata wapi, zimembana mpaka anatembea kama anakanyaga mayai. Jua kali, raba. Matope, raba. Kisomo akaacha kuja.

Ulinijia unalia unataka kuacha kuchora kabisa. Nikakwambia usiache, ila miguu ya Likichwa isionekane tena. Siku ile nilijiona nina akili sana.

Na wewe, Somoe, hapo ndipo ninapotaka kusimama nikupigie vigelegele peke yangu hapa barazani, majirani waseme nimechanganyikiwa. Hukwenda kwa mjomba wako na maneno. Maneno angeyasema ni mazuri na angeendelea kubaki nyumbani. Ulimwamsha Likichwa. Wiki iliyofuata kwenye ubao ule ule alikuwa amekaa kitako anajikuna. Wiki nyingine kasimama na jembe. Kisha akafungua mdomo, na kuanzia hapo hakuufunga. Ulikuwa unachora kwenye karatasi ya kaki ya ghalani, vipande vyembamba tu, na mtu akisema lazima maneno yake yapate mahali. Kwa hiyo kichwa kikaanza kupungua. Leo nimezipanga karatasi kwa mstari, nikaona kinavyopungua, kila akisema zaidi kinakuwa kidogo zaidi, na chini yake ikatokea shingo, mabega yakatokea, mara mtu huyo hapo. Jina likabaki Likichwa na kichwa kikawa cha kawaida kama cha mimi na wewe. Hukupanga, najua. Ungenijia kunieleza kama ungepanga, na ungenichosha.

Na alivyokuwa anasema! "Tumeambiwa tupande kwa mistari. Mistari tumeipima. Mbegu ziko wapi?" Mwenyekiti alikohoa kutwa nzima siku ile. Lakini mbegu zikaja. Watu waliokuwa wanamcheka Likichwa wakaanza kumtuma. "Somoe, hebu Likichwa aulize habari ya pampu." Nilikuwa nasikia hayo kisimani, najifanya nateka maji tu, kumbe moyo unanipasuka kwa kukuonea fahari.

Hata huyo Bi Zena, mke wa Likichwa. Alianza kama mkono tu, mkono na mwiko unaingia pembeni mwa karatasi. Halafu mkono ukapata bega, bega likapata mtu, na sasa kuna karatasi Likichwa mwenyewe hana nafasi, kasimama nyuma na kapu, mama kashika kiuno anamweleza Bwana Shamba. Nasikia eti anasimama kama mimi. Sisimami hivyo mimi.

Miguu je? Nimecheka, wallahi. Miaka yote hii hukuonyesha mguu wa Likichwa hata mara moja. Yuko kwenye majani. Yuko kwenye matope ya mpunga. Kuna mbuzi kapita mbele. Kuna khanga ya Bi Zena imeanikwa chini mno. Kuna kuku asiye na shingo, na vifaranga, na sijui kapu la nani. Mtu asiyejua atasema huyu binti anapenda sana kuchora majani. Hayo yote ulimfanyia mjomba wako, na hukumwambia mtu.

Dadi akaanza kupitia ghalani. Watu walikuwa wanamwambia Likichwa kasema nini, hakuridhika, alitaka kumsikia mwenyewe. Nilimwona siku moja kasimama peke yake mbele ya ubao, anafuata herufi kwa kidole, "mbe-gu zi-ko wa-pi," kisha kacheka peke yake. Akarudi kisomo wiki ile ile. Akakaa nyuma, raba miguuni, bila maelezo. Leo anasoma kuliko wengi. Lakini raba hakuvua, na wewe ukawa unaziona kila siku.

Ndiyo maana nilipofika karatasi za chini kabisa za bahasha sikushangaa, niliumia tu. Mhariri kaandika kwamba gazetini mtu aonekane mzima, kichwa mpaka miguu, majani yapunguzwe. Ukamvisha Likichwa viatu. Vyeusi, vya kamba, umevichora vizuri mno. Na chini ya hizo nikakuta karatasi moja peke yake, yule wa zamani, kichwa kimevimba, kalala na inzi wake. Naye kavaa viatu. Kwa sababu mhariri kasema anamtaka "yule mvivu mwenye kichwa kikubwa" aliyepelekewa na Afisa Elimu wetu, na wewe hujaamua umpe yupi. Umechukua wote wawili kama mtu anayebeba mwavuli na kofia.

Nikiwa hapo, karatasi zimenizunguka, nikasikia kikohozi uani.

"Hodi."

"Karibu, kaka. Somoe hayupo, kaenda Mtawanya."

"Najua hayupo. Ndiyo maana nimekuja."

Akakaa kwenye kigoda, raba zake zimejaa vumbi. Nikainuka nizikusanye picha, akanizuia kwa mkono. Akazichukua moja moja akazisoma zote kwa sauti, neno kwa neno, haruki hata moja. Alipofika kwa Bi Zena akanitazama.

"Huyu ni wewe."

"Mimi sisimami hivyo."

"Fatu, umesimama hivyo sasa hivi."

Nikakaa chini. Akaendelea, anacheka kidogo kidogo, mpaka akafika kwenye karatasi moja. Akaigeuza huku na huku.

"Huyu nani?"

"Likichwa huyo. Humjui?"

"Likichwa namjua. Nakuuliza huyu mwenye viatu."

Nikamweleza. Gazeti linataka mtu mzima, miguu haifichiki tena, mtoto kaona amvishe viatu kwa kukuheshimu wewe.

"Kuniheshimu mimi?" akasema. "Nani kamwambia?"

Nikatazama kuku.

Akaiweka karatasi gotini. "Fatu, viatu hivi nilivaa kwa sababu ya wale watoto waliokuwa wananikoromea. Nikasema watasahau, nitavivua. Wakasahau kweli. Lakini nikapita ghalani, nikaona miguu haipo. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo, majani. Nyingine, mbuzi. Nyingine, khanga yako. Kila nikienda natazama miguu kwanza, maneno baadaye. Nikasema, basi, mtoto mwenyewe anaona haya kidole changu. Nikaviacha miguuni."

"Ala!" nikasema. "Yeye anaona umevaa viatu, anasema mjomba anaona haya, ndiyo maana anaficha!"

Tukatazamana. Akaanza kucheka, cheko lile lile la kwenye majivu, mpaka kigoda kikalalamika, na mimi nikamfuata. Halafu nikaona anajifuta macho kwa kiwiko, na mimi sikuwa na moshi wa kusingizia.

"Kule kwa zamani nilitumwa nifute ukuta," akasema. "Sikufuta. Unadhani kwa nini?"

"Kwa kuwa ulicheka."

"Kwa kuwa nilijiona. Mtu kama mimi, nani mwingine amewahi kunichora? Sasa anakwenda huko kwa watu. Anakwenda na lile jina la kwetu, anakwenda na kuku, anakwenda na wewe na kiuno chako. Mimi ananiacha ndani ya viatu. Nimemkosea nini?"

Nikaitoa ile karatasi gotini kwake, Somoe, nikaipangusa kama ina vumbi.

Akainama. Akafungua kamba za zile raba, moja, nyingine, akazivuta. Mguu umechubuka na umepauka kwa kukosa jua, na kidole chake kipo pale pale juu ya gumba, hakijaenda popote. Akakichezesha kidogo kama anayekiamkia. Akaziweka raba mlangoni, zimepangwa vizuri.

"Mwambie aende," akasema. "Mimi mjomba wake nimesema, na kesho nitasema tena mbele ya lori ili watu wasikie. Ila aende na mimi mzima. Na kama huyo Likichwa wake anapenda viatu sana, mpe hivi. Mimi vinanibana."

Akaondoka. Alivyokuwa anakanyaga mchanga pale uani, polepole, miguu mitupu, nilisimama mlangoni nikamsindikiza kwa macho mpaka akapinda kwenye mikorosho.

Ya mhariri mimi siyajui, sijawahi kukaa na mhariri. Nadhani si mtu mbaya. Anampenda yule aliyemwona kwanza, kama mimi ninavyokupenda bado ukiwa mgongoni. Lakini mweleze kwamba yule ameamka. Akitaka alale tena itabidi kichwa kivimbe, na kichwa kikivimba maneno hayatapata mahali. Mweleze hivyo hivyo, kwa kazi, bila kugombana. Na akikataa, utaona mwenyewe. Mtu aliyejua kumwamsha Likichwa kwenye kipande cha kaki, akiwa bado binti mdogo, kijiji kizima kinacheka, mimi sina hofu naye.

Na wewe utabadilika. Utarudi hapa na macho mengine, na maneno ya huko, labda na nywele nisizozijua. Sitalalamika. Nimetazama karatasi zako leo nikaona mtu anaweza kubadilika kila kitu na bado nikamjua kutoka mbali. Nitatazama chini kwanza, kama ulivyofanya wewe siku ile ya mapiko.

Taa nimeijaza mafuta. Kalamu nairudisha mahali pake, na wino nimekubakishia. Viatu utavikuta mlangoni ukiingia. Usivichukue. Mvue Likichwa na vile vyake, leo leo, kabla hujafunga bahasha, maana kesho mjomba wako atakuja kukusindikiza miguu mitupu na ataomba kuona.

Mguu wa kushoto, mwanangu. Kidole cha pili.

Mama yako,
Fatu